Besi, Kinanda na Maikrofoni: Pesa Yako Ianzie Wapi Arua na Koboko

Mwanamuziki wa Arua hakosi vyombo vya kununua. Kinachomsumbua ni kwamba humfikia kwa njia nyingi na kila njia ina mitego yake. Vingine hupanda basi la usiku kutoka Kampala, karibu kilomita 500. Vingine huvushwa kutoka soko la Ariwara, upande wa Kongo, baada ya kupita mikono ambayo huwezi kuihesabu. Koboko, kama kilomita 55 kutoka Arua, imekaa kwenye kona inayokutanisha Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na barabara ya Vurra hadi Oraba inaipitia katikati. Ndiyo maana utakuta mezani pedali isiyo na kisanduku, kinanda chenye maandishi ya Kijapani mgongoni, na maikrofoni yenye jina kubwa na bei ndogo.

Nakuandikia wewe unayepiga besi kwenye bendi ya harusi, wewe unayeongoza kwaya, na wewe uliyegeuza chumba kimoja kuwa studio. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: pesa ya kwanza iende kwenye vitu ambavyo hakuna anayejipiga navyo picha, yaani umeme safi, nyaya nzima na maikrofoni moja ya kweli. Pedali zifuate. Sintesaiza ya zamani ije mwisho, na kwa wengi wetu isije kabisa.

Umeme kabla ya sauti

Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Tulitegemea kampuni ya umeme ya WENRECo, jenereta za dizeli na, kuanzia 2012, kituo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Gridi ilifika 2023. Lakini harusi haifanyiki chini ya nguzo ya umeme. Hufanyika nyumbani kwa bwana harusi, na huko bado utabeba jenereta au betri.

Jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti kila mzigo unapobadilika. Iwashe ikiwa haijaunganishwa na kitu, iache itulie, ndipo uunganishe mikisa, kisha kinanda, na amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Petroli ikikaribia kuisha usingoje injini ikohoe yenyewe: simamisha muziki, zima vyombo, jaza. Kinanda kinachotumia plagi ya ukutani kikipata mshtuko wa aina hiyo mara nyingi, siku moja hakitaamka.

Ukitumia sola, angalia aina ya inveta. Za bei nafuu hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa ngazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo utazisikia kwenye gitaa kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Tafuta inveta ya wimbi laini hata ikiwa ya wati chache. Halafu piga hesabu kabla ya kuahidi watu usiku kucha. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka iishi miaka, usitumie zaidi ya nusu. Spika mbili zinazokula wati 150 kila moja, mikisa na kompyuta ndogo vikifika pamoja wati 370, nusu hiyo itakupa saa moja na nusu hivi, na inveta itakata kidogo chake.

Kuna jambo la umeme ambalo halina mzaha. Mpiga gitaa anasogeza mdomo kwenye maikrofoni na kuhisi kitu kimemuuma. Huo ni umeme uliokosa njia ya kwenda ardhini, kwa kawaida kwa sababu amplifaya imechomekwa kwenye soketi moja na mikisa kwenye nyingine isiyo na ethi, au kwa sababu mtu alikata pini ya ethi ili kuondoa mlio. Usiikate pini hiyo kamwe. Nunua mita ya fundi redio, iweke kwenye volti za umeme wa nyumbani, gusa nyuzi za gitaa kwa ncha moja na wavu wa maikrofoni kwa nyingine. Isome sifuri au karibu yake. Ikisoma makumi ya volti, hakuna kuimba mpaka vyombo vyote viwe kwenye soketi moja yenye ethi. Watu wamekufa jukwaani kwa kosa hili, katika nchi zenye umeme mzuri kuliko wetu.

Besi na pedali zake

Wapiga besi wa huku wamelelewa na muziki wa Kongo, hata wale wanaopiga kanisani tu. Seben, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, inapoanza na magitaa yakashika njia, besi haijazi kila nafasi. Inapiga, inanyamaza, inapiga tena, na ukimya huo ndio unaowatoa watu kwenye viti. Chochote kinachojaza ukimya huo kinaua dansi. Kwa hiyo pedali ya koras iwashwe kwa wimbo wa taratibu na izimwe baadaye, na mwangwi usiuweke kwenye besi hata kidogo.

Pedali ya kwanza ya kununua ni ya kusetia nyuzi. Ya pili ni kompresa, inayobana noti kali na kuinua zile dhaifu, ili kidole chako kilichochoka saa nane za usiku kisisikike kimechoka. Iweke kwa kiasi. Ukibana mno, mgongano wa kidole na uzi unapotea, na besi inabaki mngurumo usio na mdundo.

Ya tatu ndiyo ninayotaka ukae nayo: pedali ya kukwaruza sauti, ile wapiga gitaa wa roki wanayoitumia kwa fujo. Mpiga besi wa rumba ataniuliza ya nini. Fikiria muziki wako unasikilizwa wapi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini hivyo. Chini ya mitetemo mia chache kwa sekunde inakuwa karibu bubu. Mtu anayesikiliza wimbo wako kwenye simu, au Radio Pacis kwenye redio ndogo shambani, haisikii besi yako uliyoilipia. Lakini kila noti ya chini hubeba juu yake sauti nyingine nyembamba zinazopatana nayo, na sikio likizisikia hizo huijenga lenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Pedali ya kukwaruza huzikuza sauti hizo. Tafuta yenye kitufe cha kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa, ikwaruze kidogo tu hadi karibu usiitambue ukiwa peke yako, kisha rekodi, weka simu mezani na usikilize. Fanya hivyo na pedali ikiwa imezimwa, halafu imewashwa. Hutaniuliza tena.

Oktava, inayoongeza noti ya chini zaidi, ilipata jina kupitia Boss OC-2 ya 1982. Ni tamu, ila ile ya analogi inasoma noti moja tu kwa wakati mmoja. Iweke mbele kabisa, kabla ya kompresa, na upige kuanzia kati ya shingo kwenda juu. Ukishuka kwenye uzi mnene itaanza kugugumia. Ile inayofanya besi itamke kama mdomo, iliyovuma na Mu-Tron III mikononi mwa Bootsy Collins huko Marekani, itakufaa kwa wimbo mmoja usiku mzima. Azima.

Kama bajeti ni ya kifaa kimoja, chukua pedali moja yenye sauti nyingi ndani, kama Zoom B1 Four. Ina kipimo cha nyuzi, kompresa, midundo ya kufanyia mazoezi, na inakubali betri nne za AA, jambo ambalo kijijini ni kubwa. Ukinunua pedali mojamoja, kumbuka kwamba nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Adapta ya kinanda au ya modemu inaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado ikaiunguza pedali, kwa sababu volti ni nyingine au chanya ndiyo iko katikati. Soma mchoro mdogo kwenye adapta kila mara.

Besi isiyo na betri ndani ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, itatoka dhaifu na butu. Si kosa la besi. Tundu lile halikutengenezwa kwa ajili yake. Pitisha kwenye kisanduku cha DI, kinachoipatanisha besi na mikisa, au kwenye pedali iliyowashwa. Na ikiwa mikisa ina kitufe cha kukata sauti za chini kabisa, kata chini ya mitetemo 40. Hakuna anayezisikia hapo uwanjani, ila spika zinahangaika nazo mpaka zinapasuka.

Adungu ni besi pia

Wenye kupiga hatua zaidi watagundua kwamba pedali hizi hazikuandikiwa gitaa peke yake. Adungu, kinubi cha Waalur kilichoenea West Nile nzima, leo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kutoka cha kupakata hadi kile cha besi chenye sanduku kubwa la mbao na ngozi. Kwenye kwaya yenye kinanda na ngoma, adungu la besi ndilo la kwanza kumezwa.

Dawa yake ni rahisi. Mwombe fundi redio kidude cha piezo, kile kisahani cha shaba kinachotoa mlio ndani ya kengele za umeme na saa za mezani. Akilehemu waya wenye kinga hadi kwenye jeki ya gitaa, umepata kipokea sauti. Kibandike kwenye mbao karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, si katikati ya ngozi, la sivyo kila mguso wa mkono utapaa. Piezo haipatani na tundu la kawaida la mikisa; hutoa sauti kavu ya bati. Inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaohmu moja, na pedali ya besi hutoa hiyo. Kwa hiyo pitisha adungu kwenye pedali, washa kompresa, punguza sauti za kati zinazokera. Utasikia chombo cha mababu kikisimama bega kwa bega na gitaa la besi.

Lukembe, ambayo Wakongo huiita likembe, nayo inakubali matibabu hayohayo, na hapo majirani zetu wametutangulia mbali. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, la marehemu Mawangu Mingiedi, lilijitengenezea maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari ili likembe zishinde kelele za mtaa. Sauti ilikwaruza vibaya. Hawakuisafisha, waliijengea muziki, na albamu yao *Congotronics* ya 2004 ikazunguka dunia. Huku Acholi, Otim Alpha na Leo PaLayeng walichukua muziki wa harusi wa larakaraka wakauhamishia kwenye kompyuta, na *Gulu City Anthems* ikatolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hakuna kati yao aliyengoja kifaa cha bei mbaya.

Maikrofoni

Kwa jukwaa na kwa kanisa, maikrofoni ya dainamiki inatosha. Shure SM58 imekuwa sokoni tangu 1966 kwa sababu haiombi umeme, haiogopi vumbi na huvumilia kuanguka. Lakini ni miongoni mwa maikrofoni zinazoghushiwa sana duniani. Mpya ya kweli huuzwa kwa takriban dola 100 Marekani. Ukiambiwa mpya kwa shilingi elfu sitini hapa Arua, usijadili, pita. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 bila waya, na mizani ya muuza sukari itakueleza kabla ya mwenye duka. Nyingi za bandia ni nyepesi, na ukiisugua shina huku imewashwa, kishindo cha mkono hupita chote hadi kwenye spika.

Hata hivyo, bandia inayouzwa kama bandia, kwa bei ya bandia, si dhambi kwa kwaya ya shule. Dhambi ni kuilipia kama ya kweli.

Spika ikianza kupiga mbinja, watu hukimbilia kupunguza sauti. Angalia kwanza mkono wa mwimbaji. Akifumba kichwa cha maikrofoni kwa kiganja kama wafanyavyo wachanaji, anaziba matundu yanayoiwezesha kukataa sauti za nyuma, na mbinja haikwepeki. Ashike shina. SM58 husikia kidogo kabisa nyuma yake, kwa hiyo spika ya mwimbaji ikae sakafuni ikitazama mkia wa maikrofoni. Beta 58A ni tofauti: spika isogee pembeni kidogo, si nyuma moja kwa moja. Kata sauti chini ya mitetemo 100 kwenye kila maikrofoni ya kuimbia. Na kile kitufe cha ekoo kwenye mikisa, ambacho kila kanisa hukifungua hadi mwisho, kifunge. Sakafu ya saruji na kuta za matofali tayari zinarudisha sauti. Ukiongeza nyingine, mahubiri hayaeleweki kuanzia benchi la tano.

Maikrofoni za kondensa, zile za studio, zinataka volti 48 kutoka kwenye mikisa. Zinasikia kila kitu: jogoo, bodaboda, na mvua juu ya bati. Ukiwa na chumba chenye paa la bati, ratiba yako ya kurekodi kati ya Aprili na Novemba inapangwa na mawingu. Ning'iniza blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maikrofoni tu, tandika mikeka, na msogeze awe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni. Chumba kikibaki na kelele, rudi kwenye dainamiki, iimbiwe kwa karibu. Kwa agwara, baragumu ndefu zinazopigwa kwa kundi, fanya kinyume: toka nje, weka maikrofoni mbili mita kadhaa mbali, acha kundi lijipange lenyewe.

Kuhusu maikrofoni zisizo na waya, sina mengi. Betri hufa katikati ya kiapo cha ndoa. Waya haufi hivyo.

Sintesaiza za zamani

Sasa kile kinachotamaniwa. Yamaha DX7 ilitoka 1983, ikauzwa zaidi ya 150,000, na kengele zake na piano yake ya umeme ziko kwenye sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa miaka ya 1980. Njia yake ya kutengeneza sauti iligunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, na Yamaha wakapata leseni yake miaka ya 1970. Mwethiopia Hailu Mergia aliitumia, pamoja na Moog na akordioni, kwenye kanda yake ya 1985, na watu wa Ulaya wakaigundua karibu miaka thelathini baadaye. Korg M1 ya 1988 ilileta piano nyingine ambayo kila kwaya inaifahamu bila kujua jina lake.

Ninaielewa hamu hiyo. Lakini kinanda cha zamani kilichotoka Japan kimetengenezwa kwa volti 100, na cha Marekani kwa 120. Soketi ya Uganda ina 240. Ukikichomeka bila transfoma ya kushusha, sauti utakayoipata ni moja tu, na haitarudiwa. Soma kibandiko cha mgongoni. Kikisema 100 hadi 240, huna shida, ila vya miaka ya themanini ni nadra kusema hivyo. Ndani ya DX7 mna betri ndogo ya CR2032 inayotunza sauti. Ikifa, sauti ulizotengeneza zinapotea. Vumbi huingia chini ya funguo, na mpira wa mawasiliano unaanza kuruka noti. Fundi akiwa mwangalifu atausafisha kwa spiriti safi na pamba, ila vipuri vyenyewe havipatikani mjini.

Wakati huohuo, programu ya Dexed ni ya bure, hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na husoma sauti zilezile za DX7. Kinanda chochote cha USB, hata kile kidogo cha Yamaha kinachofundishia watoto, kinaiendesha. Uamuzi wangu: kama hujafanya kazi na Dexed kwa mwaka mzima, hujawa tayari kununua DX7.

Siku ya kununua

Nenda mchana, na uende na vyombo vyako: hedifoni, waya mmoja wa gitaa unaoujua, adapta ya volti 9 yenye hasi katikati, na mita. Kinanda kikae kimewashwa angalau dakika 20 mkiwa mnazungumza bei, kwa maana hitilafu nyingi hungoja kifaa kipate joto. Bonyeza kila ufunguo, polepole halafu kwa nguvu. Zungusha kila kitufe. Kinachokwaruza kinasafishika, lakini kinachokata sauti kabisa kinataka kubadilishwa. Tikisa kila tundu ukiwa umechomeka waya. Kwa pedali, fungua kifuniko cha betri uone kama kuna kutu ya kijani. Kwa besi, tazama shingo kutoka kichwani kwenda chini kama unavyotazama mbao kwa seremala, na ukague kama nyuzi hazijapanda juu kupita kiasi kwenye mwisho wa shingo.

Ukinunua ng'ambo ya mpaka, dai karatasi ya mauzo yenye jina la kifaa na namba yake, maana forodhani Vurra au Oraba utaulizwa, na chombo kisicho na karatasi kinaweza kuwa cha mtu aliyeibiwa. Na muuzaji akikuambia umeme umekatika hivyo huwezi kukijaribu leo, mwambie utarudi kesho. Usiache hata amana.